Ofurodi sio rali, na wala sio Formula One iliyopakwa matope

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Uyole, Mbeya, huku ambako asubuhi hii nimefungua gereji na koti limefungwa mpaka shingoni. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Mi ni fundi magari, na gazeti lako linafika hapa kila siku, wateja wanalisoma wakati wanasubiri gari zao, afu likishazunguka linabaki kwangu nalimalizia jioni. Sasa kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Kila ukurasa wa michezo ukigusa mbio za magari mnaziweka zote kapu moja. Formula One mchezo wa kasi, rali mchezo wa kasi, Dakar, zile mbio za jangwani za ofurodi yaani za nje ya barabara, nazo mchezo wa kasi ila kwenye mchanga, basi imeisha hiyo. Juzi vijana wawili wamebishana hapa gereji mpaka wakataka kushikana, mmoja anasema dereva wa Formula One ukimpeleka jangwani atawakimbiza wote maana ndio mwenye kasi kuliko wote duniani, na alikuwa anaonyesha gazeti kama ushahidi. Nikaona hapana, hili lazima nilijibu kwa maandishi.

Sio kwamba nadharau mbio za lami, aisee, zile ni kazi ya watu wenye akili kubwa sana. Lakini tuangalie mtu anafanya nini pale. Chukua Monaco, mzunguko mmoja ni kilomita 3.337, wanauzunguka mara 78. Yaani dereva kona ile ile anaipita mara 78 siku moja, na kabla ya hapo ameshaifanyia mazoezi Ijumaa na Jumamosi, na kabla ya Ijumaa ameshaiendesha kwenye mashine ya kuigiza huko kwao mpaka anaijua akiwa amefumba macho. Anajua breki anaikanyagia wapi, mbele ya bango gani. Lami imefagiliwa, kukiwa na jiwe mbio zinapunguzwa mwendo mpaka litolewe. Gari liko chini kiasi kwamba ukipita nalo tuta letu moja tu la hapa Uyole umeacha tumbo lote barabarani. Tairi zikichoka anaingia pembeni, watu kama 20 wanamrukia, sekunde mbili anaondoka, McLaren mwaka 2023 kule Qatar walibadilisha zote nne kwa sekunde 1.80. Kwa hiyo kila kitu kimeshajulikana, barabara inajulikana, umbali unajulikana, kilichobaki ni kumzidi mwenzako kidogo kidogo, sehemu ya sekunde hapa, sehemu ya sekunde pale. Huo ndio mchezo wao na ni mzuri.

Rali sasa. Hii ndo inachanganya watu wengi kwa sababu ina vumbi, na watu wakiona vumbi tu wanasema ofurodi. Wenzetu wa Iringa rali wanaijua miaka mingi, watoto wa kule wanapanda juu ya vichuguu kuangalia magari yakipita, na wakikuelezea utasikia wanasema yule navigeta, yule anayekaa pembeni ya dereva akimuongoza, anasoma nini mle ndani. Anasoma noti. Dereva wa rali kabla ya siku ya mashindano anaruhusiwa kupita njia taratibu na gari la kawaida, kwenye mashindano ya dunia wanapita mara mbili, anamwambia navigeta wake andika hapa kulia kali, hapa kuna mgongo usikate kona kuna jiwe, yote yanaandikwa. Siku ya siku navigeta anamsomea, dereva anaendesha kwa masikio. Barabara imefungwa, ng'ombe hakuna, Fuso la viazi halitokei mbele. Steji moja, yaani kipande kimoja cha njia kinachopimwa muda, inaweza kuwa kilomita 10, 20, 30, mkimaliza kadhaa mnarudi kwenye sevisi mafundi wanalala chini ya gari. Hiyo Safari Rally ya Kenya iliyorudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 kule Naivasha inaendeshwa hivyo. Ni ngumu, inavunja magari, lakini bado ni barabara, na bado mtu anajua nini kiko mbele.

Sasa ofurodi, na hapa naomba Mhariri uvumilie maana ndipo penyewe. Ofurodi ni pale ambapo mbele hujui kuna nini. Kuna mashindano yanaruhusu kupita kidogo kuangalia na kuna yasiyoruhusu kabisa, nitafika huko, ila kiini ni kwamba unayeshindana naye kwanza ni ardhi. Yule mwenzako anakuja baadae sana. Kuna siku hata humuoni mwenzako kutwa nzima.

Niruhusu nieleze kitu nilichokiona kwa macho kabla sijawa fundi. Mwaka 1998 zile mvua za El Nino, mi nilikuwa tandiboi kwenye Landrova 109 ya petroli, tunabeba mpunga kati ya Madibira na Rujewa. Anayeijua Usangu wakati wa masika ananielewa, udongo mweusi ule wa mfinyanzi ukilowa unashika tairi kama ugali unavyoshika mwiko, na mabonde yanajaa maji mpaka hujui njia iko wapi, unaona tu ziwa. Dereva wetu alikuwa mzee wa Kisangu, sasa ni marehemu, simtaji jina. Tukifika kwenye maji yeye hakuwa anaingia. Anazima gari. Anavua viatu, anakunja suruali, anachukua fimbo yake, anaingia majini kwa miguu mwenyewe, taratibu, anakanyaga anasikiliza kwa nyayo chini kuna mchanga au kuna tope. Ile fimbo ilikuwa na alama tatu amezikata kwa panga. Ya chini usawa wa ekseli, ya katikati usawa wa feni, ya juu usawa wa distribyuta, ile inayogawa moto kwenye plagi. Maji yakiwa chini ya alama ya kwanza tunapita. Yakifika ya pili ananiambia we kijana toa mkanda wa feni, natoa, maana feni ikizunguka ndani ya maji inayarusha yote kwenye injini na gari la petroli likilowa tu distribyuta limezima, anapaka grisi pale kwenye waya, anafunga na mfuko wa nailoni, anatundika gunia mbele ya radieta ili maji yasukumwe pembeni yasiingie kwa nguvu. Afu anatoa upepo kwenye tairi, anabonyeza valvu na msumari, sisi tunahesabu, mpaka tairi inakaa bapa kidogo chini kama mguu wa ngamia. Ndipo anaingia, gia ya chini, fowili imeshikwa yaani magurudumu yote manne yanavuta, mwendo wa mtu anayetembea, na anautunza mwendo ule ule, hazidishi wala hapunguzi mpaka ng'ambo. Yakifika alama ya tatu anasema leo hapa tunapika.

Na tulipika kweli, siku mbili. Siku ya pili ikaja pikapu mpya ya vijana, injini kubwa mara mbili ya yetu, wakatuona wanyonge, wakaingia kwa kasi. Maji yakapanda juu ya boneti, gari likazima katikati, likaanza kuzama upande wa kushoto polepole mpaka mlango ukawa haufunguki. Tukawatoa kwa madirisha. Ile gari ilivutwa na trekta wiki iliyofuata, na injini ilikuwa imekunywa maji, konrodi zimepinda.

Sasa Mhariri, ukimuangalia yule mzee na fimbo yake ndo umeshaielewa Dakar. Mtu aliyeianzisha, Mfaransa Thierry Sabine, alipotea na pikipiki yake jangwani Afrika mwaka 1977 kwenye mbio za Abidjan mpaka Nice, nusura afe kwa kiu, akaokolewa, na badala ya kulikimbia jangwa akasema watu wengine waje walione. Tarehe 26 Desemba 1978 magari na pikipiki 182 yakaondoka Paris, kilomita kama 10,000 mbele yao, Dakar yakafika 74. Hebu fikiria hiyo hesabu, zaidi ya nusu hawakufika, na aliyeshinda ni Cyril Neveu, alikuwa kwenye pikipiki ya Yamaha. Sabine mwenyewe alikufa kwenye ajali ya helikopta Mali mwaka 1986 mbio zikiwa zinaendelea. Baadae usalama ukaharibika Mauritania, za mwaka 2008 zikafutwa, 2009 zikahamia Amerika Kusini, na tangu 2020 ziko Saudi Arabia ila jina la Dakar limebaki.

Pale dereva hapiti njia kabla. Haruhusiwi. Anapewa kitabu cha njia, siku hizi kiko kwenye kioo kama tableti, na anakipata dakika chache tu kabla ya kuondoka ili timu tajiri zisikae usiku kucha na watu wao wa ramani wanamchorea. Kitabu hakisemi kona ya kulia kali. Kinasema baada ya kilomita kadhaa fuata dira nyuzi kadhaa, kuna mti, kuna korongo hatari, acha njia kubwa shika bonde. Kuna vituo vilivyofichwa ambavyo chombo chao kinavionyesha ukishasogea karibu tu, ukikiruka unaongezewa dakika za adhabu. Yaani unaweza kuwa na gari la kasi kuliko wote na ukawa unaenda kasi hiyo yote upande sio. Mtoto wa Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati ule, Mark Thatcher, mwaka 1982 alipotea Sahara siku sita na wenzake, serikali zikatuma ndege kumtafuta. Wale vijana wangu wawili wa gereji nilipowaeleza hili yule mbishi akanyamaza, akaniuliza sasa akipotea si apige simu. Nikamwambia nenda Usangu ndani kabisa masika uniletee mtandao.

Na vumbi. Watu wanadhani vumbi ni pambo la picha. Aliyewahi kuwa nyuma ya lori la magogo kule Mufindi kwenye barabara ya vumbi mwezi wa kumi anajua, unaendesha ndani ya blanketi. Kwenye lami kumpita mwenzako ni suala la breki na kona, huku huwezi kumpita usiyemuona, na yeye hakuoni wala hakusikii. Ndo maana wanaachwa waondoke mmoja mmoja kwa kupishana dakika, na Dakar magari yana chombo, ukimkaribia wa mbele unabonyeza kinapiga kelele ndani ya gari lake ili akupishe. Kwa hiyo yule anayeondoka wa kwanza hana vumbi ila ndo anayetafuta njia, wa nyuma wanafuata alama za tairi zake. Kuna siku waendesha pikipiki hawataki hata kushinda steji ili kesho wasiwe wa kwanza kufungua njia! Niambie mchezo gani mwingine wa magari una hesabu hiyo.

Nije kwenye chuma maana ndiyo kazi yangu. Gari la Formula One springi zake zinacheza sentimita chache tu, kwa sababu wanataka likae limelalia barabara hewa ilikandamize. Gari la jangwani ni kinyume kabisa. Yale malori ya mbio wanayokimbiza Baja 1000 kule Mexico, gurudumu la nyuma linaweza kupanda na kushuka zaidi ya nusu mita, na ukiliangalia likipita kwenye mabonde mabonde bodi imetulia juu kama mtu amebeba ndoo ya maji kichwani halafu miguu chini inahangaika peke yake. Kazi yote iko kwenye shokapu. Shokapu ikipelekwa hivyo saa nzima mafuta yake yanachemka, yakichemka yanakuwa mepesi, haishiki tena, gari linaanza kuruka ruka, ndipo springi zinakatika na ekseli zinapinda. Ndio maana zile za mbio zina tenki la nje la mafuta ili zipoe, na gurudumu moja linaweza kuwa na zaidi ya shokapu moja. Mi nikiletewa daladala ya njia ya vumbi shokapu zimevuja zote nne najua kabisa dereva wake anaendesha kwa kasi ya lami mahali pasipo na lami, sihitaji kumuuliza.

Hiyo Baja ilianza mwaka 1967, kutoka Tijuana mpaka La Paz, zaidi ya kilomita 1,300. Walioshinda ni Vic Wilson na Ted Mangels, saa 27 na dakika 38. Na walikuwa na nini? Kigari kidogo kinaitwa Meyers Manx, bodi ya faiba juu ya mashine ya Volkswagen ya kobe, ile ile ambayo wazee wetu waliiendesha. Ni chepesi, kikikwama watu wawili wanakisukuma. Pale wanaruhusiwa kupita njia kabla, lakini jangwa la jana sio la leo, mvua ikipiga usiku mmoja korongo limehama, na wengine wanaendesha usiku kucha.

Jambo lingine ambalo gazeti haliligusi kabisa ni nani anatengeneza. Formula One dereva hagusi spana. Ofurodi ukikatikia katikati ya jangwa fundi ni wewe. Dakar kuna usiku wanaupanga makusudi timu za mafundi zisiwepo, madereva wanalala huko na gari walivyofika nalo, kama umevunja utafunga wewe mwenyewe na waya na asubuhi unaendelea. Na kuna kundi la waendesha pikipiki wasio na fundi kabisa wiki zote mbili, kila mmoja ana sanduku lake moja la spea na vifaa, anaendesha kutwa, usiku wenzake wakilala yeye anabadilisha mafuta kwa tochi. Hawa kwangu mimi ndo wanaume na wanawake wa kuandikwa ukurasa wa mbele. Nikisoma habari zao nakumbuka siku jani kuu la springi lilipokatika tukiwa tumebeba gunia 14, tukakata mti, tukauchonga, tukaukaza juu ya ekseli kwa mpira wa ndani wa tairi uliochanwa vipande virefu, tukafika Rujewa usiku wa manane, gari limelala upande mmoja lakini mpunga wote upo.

Wanawake nimesema makusudi. Mwaka 2001 Dakar upande wa magari ilichukuliwa na Jutta Kleinschmidt, Mjerumani, akawashinda wanaume wote.

Kuna wazee watasema mbona Safari ya zamani ilikuwa hivyo hivyo. Ni kweli na nakubali kwa moyo wote. Ilianza 1953 ikiitwa Coronation Safari, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu, barabara hazikufungwa, ng'ombe wapo, mabasi yapo, maelfu ya kilomita, na ilizoeleka kufanyika Pasaka, yaani katikati ya masika. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu. Mwaka 1968 tena saba tu, na miaka yote miwili Nick Nowicki alishinda na Peugeot 404. Joginder Singh mwaka 1965 alichukua na Volvo iliyotumika. Ile ilikuwa rali kwa jina, lakini ukiitazama kwa undani ilikuwa karibu na ofurodi kuliko rali ya leo. Hata bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo mpaka juu, lile lililofanya Land Cruiser zetu ziitwe mkonga, magari ya Safari yalifungiwa ili yavuke mito. Lina kazi ile ile ya alama ya tatu kwenye fimbo ya mzee.

Nitaje na moja ya jirani kabisa kwa sababu inamaliza ubishi. Kenya wana Rhino Charge, tangu 1989, iliyoanzishwa kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare. Gari linapewa vituo 13 porini na saa 10, na mshindi ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi kuliko wote. Sio muda mfupi. Umbali mfupi! Ukizunguka mlima umepoteza, inabidi uupande, kwa hiyo kuna watu wanatembea mbele ya gari kwa miguu wanaangalia mawe, wanarudi wanamuonyesha dereva weka gurudumu hapa. Mtu akiniambia ofurodi ni mchezo wa kasi namuuliza hiyo ameiweka wapi.

Motokrosi na zile mbio za magari za kuzunguka uwanja wa udongo wenye matuta nazo hazina lami, sikatai, lakini pale unazunguka, raundi ya tatu umeshajua kila tuta. Kwangu hizo ni ndugu wa Formula One zaidi kuliko ndugu wa Dakar.

Kitu kimoja nimekiacha nyuma na sitaki kipite. Januari 2020 kule Saudi Arabia mwendesha pikipiki Mreno, Paulo Gonçalves, alianguka. Toby Price wa Australia, bingwa wa 2016 na 2019, alikuwa wa kwanza kumkuta, akasimama, akaita msaada, akabaki pale mpaka mwisho. Gonçalves alifariki. Price alikuwa anatetea ubingwa wake, na sheria ya mchezo inasema muda uliosimama kusaidia mtu unarudishiwa. Fikiria mchezo ambao sheria zake zimeandikwa zikijua kwamba mtu wa karibu wa kukuokoa ni mpinzani wako. Sisi tulivyowatoa wale vijana wa pikapu kwa madirisha hakuna aliyetuuliza mbona walitucheka, porini hakuna hiyo.

Sasa ombi langu, Mhariri. Mwandishi wenu akiandika Formula One aulize nani alikuwa wa kasi na kwa sekunde ngapi, sawa kabisa. Akiandika rali aulize noti zilikosewa wapi. Ila akiandika ofurodi naomba aulize wangapi waliondoka na wangapi walifika, nani alipotea na alijirudishaje njiani, nini kilivunjika na kilifungwa na nini. Hapo wasomaji wa huku Nyanda za Juu tutaisoma kama habari yetu, maana hapa kuna madereva wa Makete, Ludewa, Chunya, wa kona za Matamba, ambao hayo ndo maisha yao ya kila siku na hawajawahi kusikia kwamba duniani kuna watu wanapewa vikombe kwa hayo.

Na vijana wenye mikonga mnaotoka mjini wikiendi mkasikia neno ofurodi mkakimbilia Kitulo, naombeni sana. Ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005, yale ni maua, tairi likipita mara moja pale alama inakaa miaka. Hata hao wa Rhino Charge wanaomba ardhi ya watu kwanza ndipo waingie. Shamba la mtu sio korongo.

Mwandishi wenu akitaka kuja, karibu sana, aje mwezi wa tatu mvua ikiwa imekolea, tutashuka naye Chimala mpaka Rujewa tuingie ndani. Ile fimbo ninayo, mzee alinipa mwenyewe, imesimama hapa nyuma ya mlango wa gereji na alama zake tatu bado zinaonekana. Nitampa yeye aishike, atangulie majini, mi nitabaki kwenye usukani nimsubiri aniambie.

Wako msomaji,
Fundi magari,
Uyole, Mbeya.